Hasi Moja

Mwandishi wa programu za hospitali, ambaye wenzake walimwita Bi Kanuni, alikuwa ameikodolea macho kompyuta tangu asubuhi, nayo imemnyamazia bila haya. Saa sita ratiba mpya ya wauguzi ilitakiwa iwe ukutani. Isipobandikwa, ya zamani ingeendelea, na humo mdogo wake, muuguzi mwenye mimba ya miezi minane, hakuwa na hata siku moja ya kupumzika.

Programu aliiandika mwenyewe, kwa lugha ya mantiki: unaipa mashine kanuni, jibu inalitafuta yenyewe. Wiki nzima ya mtu ilikaa ndani ya namba moja. Kila siku na tarakimu yake: moja yuko kazini, sifuri hayupo. Mashine husoma tarakimu ya mwisho, husukuma zote hatua moja kulia, husoma tena, hadi ibaki sifuri. Kazi ya kufumba na kufumbua! Sasa saa tano na bado inasukuma tu. Inasukuma nini, jamani?

Simu ikalia. Matroni.

"Mwanangu, ratiba vipi?"

"Inakuja, mama."

"Ndivyo ulivyosema saa tatu."

Bi Kanuni aliisonya kompyuta, akaanza kupitisha wauguzi mmoja mmoja. Wote walipita. Kufika kwa mdogo wake, mashine ikaganda. Mbele ya jina lake paliandikwa hasi moja.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Kwa mashine, hasi moja ni moja tupu, mwanzo hadi mwisho. Ukisukuma kulia, moja nyingine inaingia kushoto. Sifuri haiji ng'o. Mjamzito wa watu kasomwa yuko kazini kila siku, bila kikomo.

Alishuka ngazi mbiombio hadi kwa karani wa wodi, hasira zimempanda.

"Hasi moja ya nini?"

"Ya mtu wa likizo, dada. Si maagizo yako?" Karani akamwonyesha karatasi ukutani. Mwandiko wake. Saini yake. Bi Kanuni akaketi kwenye kompyuta ya karani.

Akaweka sifuri. Ratiba ikatoka papo hapo.

Alimkuta mdogo wake ameketi nje ya wodi, miguu peku, imevimba.

"Nenda nyumbani. Umeanza likizo."

"Afadhali! Aliyeharibu ratiba umempata?"

"Nimempata."

"Umemsema lakini, dada? Leo siku ya kumi na moja sijapumzika!"

Bi Kanuni alipiga magoti, akajaribu kumvalisha viatu. Havikuingia.

"Ni mimi," akasema.