Kikombe cha Buluu cha Mama Winrose

Walimwomba Chelagat aseme ukweli mbele ya kijiji kizima, na aliposema, wakauchukua ukweli huo wakamwaibisha nao. Waliofanya hivyo ni wawili. Wa kwanza ni Kamande, afisa wa afya aliyetoka mjini Nakuru. Wa pili ni Nerima, jirani yake wa kupakana ua, aliyekuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Wengine walicheka tu.

Kijiji chao, Kambi Majivu, kiko chini ya mlima wa Longonot, ng'ambo ya reli. Udongo wa huko ni kama unga. Ukichimba shimo wakati wa kiangazi, mvua ikija linajifukia lenyewe. Chelagat hakuzaliwa huko. Alitoka Kuresoi, kwenye udongo unaoshikana, akaletwa na mume aliyekuwa akichunga ng'ombe wa tajiri mmoja. Mume alipokufa alimwachia binti, Winrose, na ng'ombe wachache. Chelagat hakuwa amesoma. Alichojua ni maziwa. Alivisafisha vibuyu vyake kwa mkaa kama mama yake alivyomfundisha, akayagandisha maziwa yakawa mala, akaibeba kila asubuhi hadi senta, penye maduka. Mala hiyo ndiyo iliyomlea Winrose mpaka akaolewa Kaptembwo, huko Nakuru.

"Mathe, niwekee moja, lakini ile nzito," vijana wa boda boda walikuwa wakimwambia.

"Nzito ni ya wenye wake. Wewe kunywa nyepesi, usije ukasinzia na abiria nyuma."

Walicheka, wakanywa, wakarudisha vikombe.

Choo alichochimba mumewe kilizama katika mvua za masika. Alichimbisha kingine, nacho kikaporomoka na mabati yake. Tangu hapo alikuwa akienda kwenye vichaka vya leleshwa nyuma ya reli, na hakuwa peke yake. Njia ya kwenda huko ilikuwa imekanyagwa ikawa nyeupe. Alfajiri wanawake walipishana pale, kila mmoja akijifanya hajamwona mwenzake. Nerima alikuwa mmoja wao. Choo chake kilikuwa na mlango na kufuli, lakini shimo lake lilikuwa limejaa udongo zamani. Chelagat alijua, kwa sababu wao wawili walikuwa wakisindikizana, mmoja akisimama kuangalia njia huku mwingine akiingia.

Siku Kamande alipoitisha mkutano wa habari za vyoo, watu walijaa uwanjani. Chelagat alikuja na kibuyu cha mala na kikombe chake cha buluu, kile cha wageni. Aliona si vizuri mtu atoke Nakuru na vumbi lote lile, arudi bila kuonja kitu.

Kamande alikuwa kijana mcheshi. Alichora kijiji kizima chini kwa majivu: reli, kanisa, njia. Akaomba kila mtu aweke jani mahali nyumba yake ilipo. Kisha akapitisha ndoo ya unga wa mbao.

"Sasa kila mtu amwage kidogo pale anapoenda haja," alisema. "Msiogope. Hapa hatukamati mtu. Tunajifunza pamoja."

Watu walitazamana. Mmoja akamwaga karibu na jani lake, mwingine naye hivyo hivyo. Nerima alimwaga kwenye jani lake bila kupepesa macho. Kambi Majivu nzima ikawa na vyoo.

Chelagat alimwamini yule kijana. Alifikiri wakijua habari ya udongo, labda watakuja na mapipa au mawe ya kushikilia shimo. Akachota unga wa mbao mkono mzima, akaumwaga nyuma ya reli.

"Mimi naenda leleshwa," alisema. "Shimo linabomoka. Nimejaribu mara mbili."

"Asante, mama! Makofi kwa mama!"

Wakapiga makofi. Chelagat akatabasamu.

"Sasa twende tukaone," Kamande akasema. "Nani anajua njia?"

Nerima ndiye aliyetangulia.

Walienda wote, wazee kwa watoto, wameziba pua. Kamande alirudi uwanjani na kinyesi juu ya koleo, akakiweka katikati ya watu. Kisha akachukua kibuyu cha Chelagat, akamimina mala katika kikombe cha buluu, akakiweka kando ya koleo. Nzi walitua huku, wakaruka, wakatua kule.

"Nani atakunywa?" Kamande akauliza.

Mtu akatema mate. Kijana mmoja wa boda boda akapaza sauti, "Kumbe ile nzito ndiyo hii!"

Kicheko kilichotoka pale Chelagat hajawahi kukisahau. Hakumtazama Kamande. Alimtazama Nerima. Nerima alikuwa ameziba pua kwa leso, kama mtu ambaye hajawahi kufika huko nyuma ya reli.

Mkutano ulipokwisha, Chelagat alikiokota kikombe chake, akaenda nacho nyumbani amekificha chini ya kanga.

Kabla ya wiki kuisha, Winrose alipiga simu. "Mama, kuna video watu wanatumiana huku. Kuna mama mmoja... si wewe?"

"Si mimi," Chelagat alisema. "Watu hufanana."

"Sawa, mama."

Hakuwahi kumdanganya mtoto wake kabla ya hapo, na alijua mtoto hakudanganyika.

Senta hakuna aliyenunua tena. Wengine walimwambia wameshiba, wengine kwamba siku hizi mala inawaumiza tumbo. Vijana walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kufukuza hewani nzi ambao hawakuwepo. Alirudi na vibuyu vizito, akawamiminia mbwa. Mwishowe akaacha kwenda.

Akaacha pia zahanati. Alikuwa akichukua huko dawa za presha, lakini Nerima ndiye aliyekaa mlangoni na fulana yake ya kazi, akielekeza wagonjwa. Mara ya mwisho Chelagat alipokwenda, wanawake walisogea kwenye benchi wakamwachia nafasi ya watu watatu. Hakuna aliyemfukuza. Alikaa peke yake katika nafasi ile, kisha akainuka kabla zamu yake haijafika. Dawa zilizobaki zilipokwisha, hakutafuta nyingine.

Baadaye msaada ulikuja kweli. Vijana walilipwa kupanga matairi mabovu ndani ya mashimo, na mashimo yakasimama, la Chelagat likiwa la kwanza. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana tangu mwanzo. Kamande akarudi kusimika kibao kinachosema kijiji ni safi. Nerima akapewa kipaza sauti.

Chelagat alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alijiambia: sasa Nerima atasema. Maneno machache tu yangetosha, kwamba hata yeye Nerima alikuwa akienda huko.

"Tulikuwa na watu wagumu hapa," Nerima alisema, "lakini tumewabadilisha."

Vichwa viligeuka kumtafuta Chelagat. Aliondoka. Alifika penye ua wake, dunia ikamzunguka, akaanguka.

Alipopata fahamu alikuwa jikoni mwake, kwenye mkeka, na Nerima amepiga magoti kando yake na mkoba wa kazi. Alimfunga mashine ya kupima presha mkononi, ikajaa upepo, ikamkaba.

"Iko juu sana, Mama Winrose. Umeacha dawa?"

"Dawa ziko kwenu."

Nerima alifungua mashine polepole. Alichungulia nje, akarudi, akashusha sauti.

"Nisamehe, dada. Ningesema siku ile, wangeninyang'anya hii kazi."

"Ulikuwa huendi leleshwa?"

"Si unajua."

"Mimi najua. Nataka wale wajue."

"Lakini nimekuomba msamaha. Unataka nini tena?"

"Uliniaibisha uwanjani, unaniomba radhi jikoni."

Chelagat alijiinua akashika ukuta, akateremsha kibuyu, akamimina mala katika kikombe cha buluu. Akakiweka mbele ya jirani yake. Nerima alikitazama. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotazama kikombe.

"Nimetoka kunywa chai sasa hivi," alisema.

"Haya. Kaniletee dawa za presha, nitameza. Hiyo ni kazi yako. Lile lingine ni deni."

Nerima alizileta dawa jioni ile, na bado anazileta. Chelagat anameza, kichwa kimetulia. Senta bado hajaenda.

Anachodai hakihitaji afisi wala wakili. Kamande, ambaye mpaka leo hajui jina la Chelagat, anadaiwa kurudi kwenye uwanja ule ule na kukinywa kikombe alichokimimina. Nerima anadaiwa kusimama mahali palipochorwa majivu, mchana, kijiji kikiwepo, aseme kwa mdomo wake alikuwa akienda wapi alfajiri na nani alikuwa akimwangalizia njia. Kisha naye anywe.

Kikombe kiko juu ya rafu. Kimeoshwa.