Stendi za Kimo cha Tumbo

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako alinyoosha mashuka kwa miaka kumi na tisa, walimwita Pasi, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa na mwili wa kujaza mlango na sauti ya kuomba radhi. Ukimkanyaga, yeye ndiye aliyesema samahani. Ndiyo maana mtaa ulishangaa kwamba mtu huyo ndiye mwenye gari lenye kelele kuliko yote. Ekzosi yake, bomba la kutolea moshi, ilikuwa imetoboka, na kila asubuhi alipotoka Pasi alijikunja nyuma ya usukani kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Angeweza kulipeleka kwa fundi. Lakini hakuwa na mchezo mwingine duniani. Wenzake walikuwa na mpira na karata; yeye alikuwa na spana zake na Jumamosi yake gerejini kwake. Na huko ndiko mkewe alikokuwa amemfungia njia.

Mwaka uliopita Pasi alilinyanyua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye matofali ya saruji, akalala chini yake. Mkewe akamwita jikoni amfungulie kopo. Alikuwa bado anahangaika na kifuniko waliposikia kishindo. Tofali moja lilikuwa limepasuka na gari limeshuka. Mkewe alichungulia, akaona kofia ya mumewe imebanwa chini ya chuma, akakata neno: "Hapo chini huingii tena."

Pasi hakubisha. Tangu siku hiyo Jumamosi zake zilikwisha akifuta vioo visivyo na vumbi.

Aliyemhurumia ni shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori na mtu wa maneno mengi. Alikuja siku moja na futi ya kupimia, akamlaza Pasi chali katikati ya sebule.

"Usipumue, shemeji. Nataka kimo cha tumbo."

"Unampimia jeneza?" dada yake akauliza kutoka kwenye cherehani.

"Stendi za kushikilia gari. Zile za watu wembamba zitamkwamisha huyu katikati, tuje kumtoa kwa sabuni."

Wiki iliyofuata akaleta stendi mbili kutoka duka la vipuri vya malori. Zilikuwa ndefu, zenye miguu iliyotanuka na pini nene ya kufungia kimo, na uzito zinaoweza kubeba umegongwa ubavuni. Dada yake alizizungusha, akazigonga kwa mkasi, kisha akatoa sharti.

"Likishapanda, nitalitikisa mwenyewe. Likicheza hata kidogo, hizi nitawekea vyungu vya maua, na habari za gerejini zimekwisha kabisa."

Jumamosi Pasi alianza kazi mapema. Alivuta breki ya mkono, akasukumia kabari mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, akapandisha pua ya gari kwa jeki kidogo kidogo. Alipofika kuweka stendi, mkewe alimtangulia, akatandika kipande cha kapeti la plastiki.

"Sakafu tumeipaka rangi juzi tu. Isichubuke."

Pasi alikitazama kile kipande kilivyong'aa. Akafungua mdomo, akamwona mkewe amefurahi, akaufunga. Leo si siku ya kubishana naye, akajiambia. Akasimamisha stendi juu ya kapeti, moja kila upande, akashusha gari likae.

Mkewe akakunja mikono ya gauni, akaweka bega, akasukuma. Stendi ya kushoto ikaguna, ikateleza upana wa kidole. Gari likayumba, likatulia.

"Haya," shemeji akasema polepole, "mtapanda maua gani?"

Mkewe hakucheka. Alisimama mikono imelegea, uso umemshuka, kama aliyemwombea mumewe afaulu. Pasi akauona uso huo, na maneno yakamtoka.

"Si stendi. Ni kapeti. Linateleza, nililiona tangu ulipolitandika."

"Ukaliona ukanyamaza?"

"Sikutaka kukuudhi."

"Yaani ungeingia chini ya chuma chote hiki ili mimi nisiudhike?"

Pasi akafikiri. "Nilishavua viatu," akakiri.

"Dada," shemeji akasema, "mume wa hivi anatafutwa kwa tochi."

Hapo mkewe akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi alimnyooshea mumewe kidole. "Nisikilize, baba watoto. Humu gerejini, niudhi. Niudhi asubuhi, niudhi na jioni."

"Basi toka hapo uliposimama, nataka kushusha gari," Pasi akasema. "Na hilo kapeti lirudishe ulikolitoa."

Shemeji akapiga mluzi. Dada yake akabeba kapeti, akatoka nalo.

Pasi akashusha, akafuta saruji, akapandisha upya. Miguu yote ya stendi ikakaa kwenye sakafu tupu. Aliingiza pini, akashusha gari likae, akachuchumaa mbele na ubavuni, akakagua kwa jicho lile lile linaloona mkunjo kwenye shuka. Kisha akamwita mkewe.

Mkewe akasukuma kwa bega, halafu kwa nyonga, halafu akamvuta kaka yake wakasukuma pamoja mpaka wakahema. Gari likasimama kama lililojengwa pamoja na nyumba.

"Ingia," akasema.

Pasi akalala chali, akajisukuma. Tumbo likapita na nafasi ya vidole vinne ikabaki. Kwa muda zikasikika spana tu, kisha sauti ikatoka chini, nene na yenye raha.

"Njoo ulione tundu lenyewe. Dole gumba linaingia lote."

"Mimi? Na gauni hili?"

"Vaa suruali yangu."

Alirudi ameikunja mara tatu miguuni, akalala kando yake. Kaka yake akabaki amesimama peke yake mbele ya nyayo nne, akiwasikiliza wakibishana ni spana ipi.

"Na mgeni je, hapewi hata chai?" akauliza.

"Jiko unalijua," dada yake akajibu kutoka chini. "Tuletee na sisi."