Maboga ya Halloween kwa Mbuzi wa Bi Zakiya

Mtaa mzima huko Sib ulijua kwamba kwa Bi Zakiya hakitupwi kitu. Maganda ya tikiti, wali uliokauka, mikate ya jana, kokwa za tende, vyote vilipelekwa bandani kwake na mbuzi wake saba wakavimaliza. Mwenyewe hakuita hiyo kulinda mazingira. Aliiita adabu. Ila alikuwa na sharti lake: kila mfuko uliofika mlangoni aliufungua, akaunusa, akauchambua kwa vidole, maana mbuzi akiumwa na tumbo hana wa kumwambia. Jirani mmoja aliyemletea makombo yenye dawa ya mende alirudishiwa mfuko wake mbele za watu, na mwezi mzima hakusemeshwa.

Mwishoni mwa Oktoba akaja Muatasim. Huyu ni mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka minne, akamkuza kwa maziwa ya banda hilohilo. Siku hizi ana kazi ya kuandaa sherehe katika makazi ya wageni kule Ansab.

"Shangazi, mwaka huu tunafanya Halloween isiyo na taka."

"Ndo nini tena hiyo?"

"Sikukuu ya wageni. Watoto wanavaa kama mazimwi, wanapita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende."

"Si karankasho hiyo, watoto wetu wanavyoomba tamutamu nusu ya Ramadhani! Ila sie hatutishi watu."

Muatasim akacheka. Plastiki hakuna, alisema. Mavazi yameshonwa kwa mashuka ya zamani, peremende zitatiwa kwenye vikapu vya ukili, na maboga yote yanayochongwa nyuso yataletwa kwake. "Nishawaahidi wakubwa, hata boga moja haliendi jaani. Na nimewatajia jina lako."

Siku mbili Bi Zakiya alitembea kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Maboga yalifika asubuhi baada ya sherehe, gari zima, yakishushwa na dereva pamoja na Nakayiza, binti wa Kiganda anayefanya usafi kwenye makazi yale. Yalikuwa yanang'aa. Bi Zakiya aliinama akaokota moja alinuse, kisha akaona haya. Ataanza leo kunusa kitu kilichotoka kwa mwanawe? Akapasua matano, akayamwaga horini.

Alasiri Zabadi, mbuzi wake mkubwa mwenye mimba ya miezi minne, aliyewasukuma wenzake akala mengi kuliko wote, alilala ubavu, tumbo limeumuka, povu mdomoni. Kesho yake kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa na kitoto chake tumboni. Hata kumchinja kabla hajakata roho Bi Zakiya hakuthubutu. Nyama ile angempa nani? Akachukua kisu, akakwangua boga mojawapo lililobaki. Ukatoka utando mwembamba, mkavu, kama karatasi ya nailoni.

Nakayiza alipokuja kuchukua makreti yaliyoletea maboga, alimkuta bado ameushika utando ule.

"Mwanangu, hiki nini?"

Binti akainamisha kichwa. "Ni vanishi, Mama. Joto lilikuwa linaziozesha, bosi akasema tuzipake ndio zikae siku nne."

"Bosi gani?"

"Huyuhuyu Muatasim. Mimi nilimwambia, haki ya Mungu, mbuzi watakula sumu. Akasema, khalas, yatosha, pakia na ukae kimya, mbuzi wanakula hata maboksi."

Kumbe taka ile haikuondolewa. Ilihamishwa tu, kutoka jaani hadi tumboni mwa mnyama.

Muatasim mwenyewe aliingia saa kumi, kanzu nyeupe, simu imeinuliwa tayari.

"Shangazi, dakika moja tu. Simama hapo bandani, useme maboga yote yameliwa. Video ya ripoti."

"Ulijua?"

Akamwona Nakayiza. Akaliona turubali lililofunika mzoga, na miguu minne iliyokakamaa ikitokeza pembeni. Simu ikashuka.

"Ilikuwa vanishi kidogo tu, Shangazi. Kila kitu kilishatangazwa, ningewaambia nini? Ntakununulia mwengine. Hata wawili."

"Nnakuuliza, ulijua?"

"Nlijua, lakini..."

"Ungenambia neno moja, 'usiwape.' Ningeyafukia mwenyewe, na mtu asingejua."

"Usiniharibie, Shangazi. Watanifukuza kazi."

Hakuuliza hata ni mbuzi gani aliyekufa. Hilo ndilo lililomkata Bi Zakiya kuliko vanishi.

"Yapakie," akasema, akafungua geti wazi.

Majirani walitoka kutazama. Muatasim aliyabeba mawili mawili hadi kwenye gari lake, nyuso zilizochongwa zikimkenulia, kanzu ikichafuka kifuani. Nakayiza alinyanyuka kumsaidia. Bi Zakiya akamshika mkono.

"We ulishasema lako. Kaa."

Boga la mwisho lilipoingia, kijana alisimama barabarani, jasho linamtoka. "Sasa niyapeleke wapi haya, Shangazi?"

Bi Zakiya alifunga geti. Akachukua koleo la kuchimbia, akamwomba Nakayiza ashike turubali upande wa pili, wakamfukie Zabadi. Nje, gari lilikaa muda mrefu bila kuwashwa.