Tamthilia Niliyomtafsiria Bibi

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la wasap la watu tuliosoma pamoja shule ya msingi kule Guta, mmoja wetu aliuliza: katika vipindi vyote vya televisheni vya utotoni, wewe unachagua kipi? Nilikuwa dukani kwangu hapa Musoma, nimekaa na vitenge vyangu, mvua imefukuza wateja. Wenzangu wakachagua mpira, wengine ngumi, wengine katuni. Mimi nikaandika bila kufikiri: ile tamthilia ya Jumapili mchana, ya mama mjane na wanawe watatu. Walinicheka, we acha tu. Kipindi chenyewe cha kulialia, mmoja akaandika, na picha chenga tupu.

Kuhusu chenga sibishi. Televisheni ilikuwa moja tu pale kwetu, chogo ya mgongo mnene isiyo na rangi, kwa mwalimu jirani yetu, nayo ilitumia betri ya gari ambayo mwalimu aliifunga kwenye baiskeli akaipeleka Bunda kuchajiwa. Picha ikipotea, mtu anatoka kuzungusha mlingoti wa antena, na sisi ndani tunapiga kelele, "Hapo hapo! Aa, umepitiliza!" Mke wa mwalimu alisimama mlangoni na ndoo ya maji. "Miguu kwanza," alisema. "Nyie mnaletaga matope, mimi ndiyo nadekiga." Bado nakumbuka ubaridi wa ile sakafu ya saruji, na harufu ya viazi vitamu ambavyo bibi yangu alivichemsha na kuvifunga kwenye khanga, maana hakuweza kwenda kwa watu mikono mitupu.

Bibi hakujua Kiswahili. Alikuwa na Kijita chake tu, na mimi, binti wa miaka kumi, ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilikaa miguuni pake nikimnong'oneza kila neno, na sifichi, nilijisikia sana. Alimpenda yule mama mjane kwa sababu, alisema, anatembea kama shangazi yangu. Shangazi alikuwa binti yake wa mwisho. Mwaka ule ule, kabla ya kuvuna pamba, alipelekwa hospitali Musoma akarudi maiti. Tangu hapo bibi alichambua pamba kimya siku nzima, na Jumapili mchana ndiyo muda pekee niliomsikia akicheka.

Sasa Jumapili moja yule mama wa kwenye tamthilia akaugua, na iliyofuata akafa. Jeneza likatokea kwenye kioo. Bibi akanigusa bega. "Nani amekufa?"

Nikamwambia ni jirani yao, mama mwenyewe amelazwa hospitali. Nilijua ninadanganya na nilijua kwa nini. Bibi hakuridhika, lakini wiki iliyofuata aliwatazama wale vijana watatu vichwani. Kwetu, watoto wakifiwa na mama yao wananyolewa, na wale walikuwa na nywele zao zote, zimechanwa vizuri. Bibi akashusha pumzi. "Kweli si kwao," alisema. "Wangekuwa wamenyoa."

Basi akaanza kumngoja. Kila Jumapili ananiuliza, "Amerudi?" Nami najibu, "Bado, Bibi." Kila nikitazama watu waliojaa mle ndani naona wote wanaujua ukweli, na siku mmoja wao akifungua mdomo, bibi atafiwa mara ya pili, na safari hii mikononi mwangu.

Siku ikafika alipochoka na majibu yangu, akamgeukia mwalimu mwenyewe. Mwalimu alikuwa Mjita pia, na darasani hakuwa na mchezo na mtoto mwongo. Niliinamisha kichwa nikasubiri. Mwalimu alinitazama, akamtazama bibi, ambaye nywele zake baada ya kunyolewa kwenye msiba wa shangazi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuota. Kisha akamjibu taratibu kwa Kijita, "Amepona, mama. Yuko kwa dada yake, anapumzika."

Hakuna aliyebisha mle ndani. Bibi alipiga makofi, akacheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kumbe kuna wanaorudi," alisema.

Bibi hayupo sasa, na mwalimu alishastaafu akahama. Guta siku hizi televisheni iko karibu kila nyumba, hakuna anayeoshwa miguu, na wanangu Kijita wanasalimia tu. Ninaikumbuka sana sebule ile. Juzi binti yangu aliitafuta ile tamthilia kwenye simu, akaipata yote, tukakaa kitandani kuitazama. Mama mjane alipoanza kukohoa nikamwambia azime.

"Mama jamani, si tuone mwisho?"

"Mwisho ninaujua," nikamwambia. "Alipona."