Nisamehe ya Kila Siku

Kuna siku moja naikumbuka, na leo nakuandikia. Ningekuwa mzee ningekuita mwanangu. Nina miaka ishirini na moja tu, basi wewe ni mdogo wangu, vumilia.

Nilikuwa naishi na bibi yangu, hapa hapa Kirumba, na neno langu lilikuwa "nisamehe bure". Nimechelewa kutoka sokoni, nisamehe bure. Maharage yameungua, nisamehe bure, bibi. Nimemkanyaga mtu, hata usoni sijamwangalia, nisamehe bure na huku naondoka. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa na haraka pia.

Bibi hakujua kusoma. Baba mdogo alipofariki kwa ajali ya pikipiki, kwenye simu ya bibi ulibaki ujumbe wake mmoja wa sauti. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananiambia nimwekee. "Mama, shikamoo. Nipo Kamanga nasubiri kivuko. Usipike wali, mimi nataka ndizi." Basi, ni hayo tu. Na bibi anaitikia, "Marahaba, baba," kama vile mtu yuko mlangoni.

Jumapili hiyo akanipa simu. Nikatafuta, sikuuona. Halafu nikakumbuka. Ijumaa simu ilikuwa imejaa, mimi nataka kupakua video za vichekesho, nikafuta vitu bila kuangalia.

"Bibi, umefutika. Nisamehe bure."

Akaichukua simu mkononi mwangu.

"Jamani bibi, kuteleza si kuanguka."

"Umefutika, au umeufuta?"

"Nimeufuta. Si nimeshasema unisamehe?"

Akaniangalia. "Juzi umeunguza maharage, ukaniambia nisamehe. Leo umenifutia mwanangu, unaniambia neno lile lile. Sasa mjukuu wangu, hili la leo nilipokee vipi?"

Nilitafuta neno kubwa kuliko hilo, sikulipata. Lile nililokuwa nalo nilikuwa nimelimaliza kwenye maharage.

Nikapeleka simu kwa fundi, akasema haiwezekani. Maji yakimwagika hayazoleki. Wiki nzima bibi alinipikia, shikamoo yangu aliitikia, ila hakunitania tena kwamba mimi ni mke mwenza wake. Hilo liliniuma kuliko kama angenichapa.

Jumapili iliyofuata nikapiga magoti mbele yake, kama tunavyosalimia kwetu Kagera. Nikasema, "Bibi, nilifuta sauti ya baba mdogo kwa ajili ya video za kuchekesha. Sikukuuliza. Kwa fundi nimeenda, imeshindikana. Hutamsikia tena, na ni mimi." Sikuongeza kitu.

Bibi akalia. Na mimi nikalia. Baadaye akaniwekea mkono kichwani. "Hilo nimelisikia."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Mpaka leo sijui.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukimkanyaga mtu mwambie pole, inatosha. "Nisamehe" usiitoe kila saa, maana ukiizoea wewe, na wenzako wanaizoea, siku ukiihitaji haina kitu ndani. Na ukikosa kweli, usikimbilie neno. Taja kwanza ulichofanya, chote, bila kukipunguza, halafu kaa hapo hapo umwangalie mtu anavyoumia. Ni vigumu. Mimi mwenyewe bado najifunza.

Mungu akupe watu wa kukupenda muda mrefu, na siku utakayowaumiza, akukute na neno ambalo bado hujalichezea.