Maji ya Chini ya Dampo

Nakumbuka vizuri mchana ule mwalimu wetu alipoandika ubaoni "Usimamizi wa Taka Ngumu", na darasa zima la uhandisi mitambo likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, kijana wa Kimatengo kutoka milima ya Kitura, na nilikuwa nimeenda kule kusomea injini, siyo maganda ya ndizi. Kwa hiyo, mwanangu, juzi ulipokuja hapa kwangu Lundo, kando ya ziwa, ukaniamkia vizuri, kisha ukaanza kulalamika kwamba chuo kimewapangia somo la takataka wakati nyinyi ni watu wa mitambo, mimi nilinyamaza. Ulidhani nimekuunga mkono. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa najisikia mimi mwenyewe nikisema hayo hayo ujanani.

Mwalimu yule alikuwa mama mmoja mfupi, mkali, hana mchezo. Alitandaza turubai nyuma ya bwalo, akamwaga mapipa ya siku nzima, akatugawia glavu. Tuchambue na tupime: maganda huku, karatasi huku, nailoni huku, betri kuukuu peke yake. Wenzangu wakainama. Mimi nilishika pua, nikamwomba rafiki yangu anisainie mahudhurio, nikaenda zangu karakana, ambako walikuwa wamefungua injini ya dizeli. Siku hiyo ndipo alipofundisha, nilikuja kusikia baadaye, namna maji ya mvua yanavyopita kwenye taka, yakabeba sumu yake na kuzama nayo ardhini. Kwenye mtihani nilikariri maswali ya miaka ya nyuma, nikapata B. Usiionee wivu B ile.

Likizo ikafika, nikarudi nyumbani. Wakati huo maduka ya kijijini kwetu yalikuwa yameongezeka, na msimu wa kahawa ukipamba moto uchafu ulizagaa hadi mlangoni pa kanisa: mifuko, betri za redio, chupa za dawa ya mibuni. Wazee wakasema, si tunaye injinia wetu, atuonyeshe pa kutupa. Hebu fikiria, kijana ambaye hata hajamaliza chuo anaitwa injinia mbele ya baba zake. Kichwa kilivimba.

Nikawaonyesha shamba la ngoro la marehemu babu, kwenye mteremko nyuma ya maduka, lililokuwa limelala misimu kadhaa. Wewe umezaliwa huku ziwani, labda ngoro unaziona tu ukipita na basi kwenda Mbinga: majani yanapangwa mraba mraba, yanafukiwa udongo, katikati panabaki shimo, na mlima mzima unakuwa mashimo matupu. Nikasema, mashimo haya yapo tayari, hakuna haja ya kuchimba, na mvua haitasomba kitu kwa sababu maji yanaishia humo humo. Nilieleza kwa maneno makubwa ya chuoni, na watu wakaafiki.

Baba mkubwa Kapinga, kaka yake baba, ndiye pekee aliyesimama. Alikuwa amelima ngoro tangu utoto. Akasema taratibu, "Injinia, mashimo haya hatukuyachimba ili maji yakae. Tuliyachimba ili yazame. Na yakizama yanatokea kule chini, kwa mama yako."

Kweli, chini ya mteremko ule palikuwa na chemchemi. Mama yangu na kaya nyingine tano walichota hapo, waliosha kahawa kwa maji hayo, na mimi mwenyewe nilikulia hayo hayo. Unajua nilimjibu nini? "Baba mkubwa, hayo tuachie sisi tuliosoma." Mbele za watu. Akakaa. Mpaka leo nikiikumbuka sauti yangu ile natamani ardhi ipasuke nizame.

Nikahitimu, nikapata kazi kiwandani mbali na nyumbani, na injini nilizozitaka nikazipata. Mama hakuwa mtu wa kulalamika kwenye barua. Niliporudi baada ya masika ya tatu, nilikaa mezani, nikaomba maji. Akaniletea kikombe. Kabla hakijafika mdomoni harufu ikanipiga, harufu ya kutu na kitu kilichooza.

"Kunywa, baba," akasema. "Ndiyo maji yetu sasa."

Sikunywa. Akakichukua kikombe, akamwaga nje, kisha akanipa mengine kutoka kwenye ndoo aliyoifunika. Hayo alikuwa ameyabeba kichwani kutoka kijito cha bonde la pili, mwendo wa saa nzima kwa kupanda, mwanamke wa umri wake. Zile kaya tano nazo zilifanya vivyo hivyo, na majirani walikuwa wameacha kuingia kwake, maana kila mtu alijua dampo ni la mwanawe. Hilo hakuniambia yeye. Niliambiwa na dada yangu, akiwa amenipa mgongo.

Tulizoa taka zile kwa majembe na machepe wiki mbili. Bure kabisa. Udongo ulishakunywa sumu, na chemchemi haikurudi kuwa ile. Masika yaliyofuata mama aliteleza na ndoo yake kwenye njia ya kijito, akavunjika nyonga. Hakuinuka tena kitandani. Tulimzika kabla kahawa haijaiva.

Siku ya matanga baba mkubwa aliniita pembeni ya nyumba. Hakupandisha sauti.

"Huko chuoni walikufundisha nini kuhusu maji yanayopita kwenye takataka?"

"Sikuwepo siku hiyo, baba mkubwa."

"Ulikuwa wapi?"

"Karakana. Nilikuwa naangalia injini."

Akageuka, akarudi kukaa na waombolezaji. Afadhali angenipiga. Ndiyo sababu unanikuta huku ufukweni, mtu wa milimani nisiyejua hata kushika kasia. Nikipanda Kitura nakutana njiani na akina mama wenye ndoo kichwani, nao wananiamkia kwa adabu, "Shikamoo, injinia." Neno hilo linaniuma kuliko tusi.

Basi sikia, mwanangu. Nenda darasani. Ukipewa glavu zivae, inama, chambua uchafu kwa mikono yako mpaka ujue kila kitu kinakwenda wapi kikilowa. Mtu asikusainie mahudhurio. Mashine ikiharibika utaifungua uitengeneze, nimefanya hivyo maisha yangu yote, lakini chemchemi haina spea. Kabla hujaonyesha mahali kwa kidole, shuka kwa miguu mpaka chini ya mteremko, ujue nani anachota hapo. Na mkulima aliyeshika jembe pale kabla hujazaliwa akisimama kusema, wewe kaa umsikilize, hata kama hana cheti. Nyumbani ndipo uogope zaidi, kwa sababu watu wa nyumbani wanakupenda, hawatakukagua. Watakuamini upesi mno, na wewe utawaumiza kwa imani yao hiyo hiyo.

Haya, nenda, usichelewe basi. Mungu akutangulie, akupe akili na akupe masikio. Umalize salama, upate kazi, na mama yako azeeke akichota maji karibu na mlango wake.