Duara la Josephat

Siku sita za wiki Josephat aliitwa Josephat, na mara nyingine hata jina hilo hakupewa, aliitwa "wewe wa nyasi". Lakini Alhamisi saa kumi jioni, kengele ya mwisho ikishalia, wasichana kumi na wanne waliteremka uwanjani na kumwita Mwalimu. Yeye aliyeacha shule darasa la nne! Aliingoja Alhamisi kama mtoto anavyongoja Krismasi, na Ijumaa asubuhi alirudi kuwa Josephat.

Huo ulikuwa mwaka wa 1976, katika shule moja ya sekondari juu ya Wundanyi, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kupiga hodi. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kufyeka nyasi. Kazi yake ya moyoni ilikuwa hoki.

Hoki aliipata Voi. Kwa miaka kumi na mmoja alitunza uwanja ambao Wagoa na Singasinga wa reli walikuwa wakichezea mpira wa magongo kila Jumamosi. Hakuna aliyemfundisha. Alisimama kando na fyekeo lake, akatazama, mpaka akazijua sheria kuliko baadhi ya wachezaji, ingawa hakuthubutu kufungua mdomo. Wengi wao walipohama, karani mmoja, Bwana Lobo, alimwachia kasha lenye magongo kumi na manne na mipira mitatu. Josephat alilipandisha mlimani aliporudi nyumbani kuajiriwa na shule. Mkewe, Wakio, alipolifungua alifurahi kwanza, akidhani ni mipini ya majembe.

"Mbona imepinda, Baba Donald?" aliuliza. "Umeuziwa na nani?"

"Nimepewa."

"Ndiyo maana."

Pale shuleni mfalme alikuwa kandanda. Timu ya kandanda ikicheza, mwenye duka alifunga duka, na wachezaji walichinjiwa mbuzi hata wakishindwa, eti wapate nguvu ya kushinda mara nyingine. Netiboli ilikuwa na nyimbo zake. Voliboli ilipendwa na walimu vijana, kwa kuwa mtu aliweza kuicheza bila kuchafua suruali. Hata kuvuta kamba kulikuwa na watazamaji. Hoki ilitazamwa na ng'ombe wawili, na siku ya kwanza kabisa, na bibi mmoja aliyekuwa akipita na kuni. Bibi yule alitua mzigo, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza wale wasichana wanapalilia nini.

Wazazi walilalamika kwamba binti zao wanainama vya kutosha shambani, hawakuwalipia karo wakainame tena shuleni. Wavulana wa kandanda waliuita mchezo wa kuchunga mbuzi asiyekuwepo. Josephat alisikia yote, akaendelea kufyeka. Hakuwa mtu wa kujibu.

Shida ilikuwa kwamba katika miaka miwili hoki haikuwa imefunga hata bao moja dhidi ya shule nyingine. Hedimasta, Mwalimu Reuben, alikuwa amechezea kandanda chuo cha ualimu, na goti lake la kushoto lilikuwa ushahidi aliokuwa akiutoa kila paredi. Muhula wa pili ulipoanza alimwita Josephat ofisini. Alimweleza kwa upole kwamba mechi ya Voi, Jumamosi ya wiki ile, ndiyo ya mwisho. Wakirudi bila bao, hata moja tu, magongo yatapelekwa bustani ya shule yakashikilie nyanya.

Josephat alisema ndiyo, asante, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akimjibu hedimasta siku zote, akatoka. Njiani alipita bustanini. Nyanya zilikuwa zimelala chini kweli, zikingoja.

Sasa, ni lazima ujue uwanja wao ulivyokuwa. Huko milimani ardhi tambarare hupandwa chakula au hujengwa kanisa. Michezo hupewa kinachobaki. Uwanja ulikuwa umelala ubavu: upande mmoja mlima, upande wa pili bonde, na kule bondeni shamba la maharagwe la Mama Elsie, mjane aliyeamini kila mpira unaoingia kwake ni mwizi. Kwa hiyo Josephat aliwafundisha wasichana kupiga kuelekea mlimani. Usimlenge mwenzako, aliwaambia, lenga juu yake, mpira utamteremkia wenyewe. Walizoea vizuri mno. Mipira yao ilipinda kama mundu na kutua kwenye magongo ya wenzao, na maharagwe ya Mama Elsie yakapona.

Jambo la pili lilikuwa duara. Katika hoki huwezi kufunga kutoka popote. Lazima apigaye awe ndani ya duara lililo mbele ya goli, na Bwana Lobo aliwahi kumwambia kwamba mstari wake uko hatua kumi na sita kutoka kwenye milingoti. Basi Josephat alisimama penye mlingoti, akahesabu hatua zake huku na huku, akamwaga chokaa. Lilikuwa duara zuri, na ndilo pekee wasichana wale walilolijua.

Jumamosi walishuka Voi kwa lori la kabichi. Basi lilikuwa la kandanda. Hedimasta naye alikuja, akaketi mbele na dereva, amevaa koti na kofia kama mtu anayekwenda maziko. Huko chini jua lilikuwa linachoma, vumbi jekundu lilikuwa tayari limeingia kwenye soksi kabla hawajacheza, na uwanja ulikuwa bapa kama sinia. Ulikuwa uwanja uleule wa Josephat wa miaka kumi na mmoja. Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa amesahau ulivyo.

Refa alikuwa Bwana Alwi, karani wa stesheni, mtu wa kofia ya vito iliyodariziwa na maneno taratibu. Alipiga filimbi, na wasichana wa milimani wakaanza kupiga mpira kuelekea mlima ambao haukuwapo. Pasi ya kwanza ilitoka nje. Ya pili ikatoka nje. Ya tatu iliangusha birika la muuza kahawa. Mpira ulikwenda pale ulipopelekwa na kukataa katakata kuteremka, nao wakabaki wakiusubiri, magongo chini, wamejaa imani. Watazamaji waliuliza wageni hawa wanampasia nani. Hedimasta alivuta kofia mpaka machoni. Nusu ya kwanza iliisha wenyeji wakiwa na mabao manne.

Priscilla, kapteni, alikuja kando akifuta jasho. "Uwanja huu umeharibika."

Josephat aliutazama uwanja, akatazama miguu yake mwenyewe. Aliwaambia kwamba hapana, ulioharibika ni wa kwao, na makosa ni yake. Hapa hakuna mlima. Mtu apige pale anapotaka mpira ufike.

Lilikuwa fundisho fupi, lakini lilitosha. Nusu ya pili pasi zilianza kufika, wasichana wenyewe wakishangaa kila zilipofika. Dakika zikiwa zimebaki chache, Priscilla aliuchukua mpira upande wa kulia, ule ambao kwao ndio wa bondeni, akampita mmoja, akampita wa pili, akafika mahali pake alipozoea kupigia, akapiga. Mpira ulipita katikati ya miguu ya kipa na kugonga ubao wa nyuma ya goli. Ko!

Mtu wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa hedimasta. Alikimbia na goti lake, kofia ikamwanguka, akamkumbatia mchezaji aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa wa Voi. Alipogeuka alimkuta Bwana Alwi akitikisa kichwa.

"Si bao, mwalimu. Binti kapiga akiwa nje ya duara."

"Duara gani? Mpira hukuuona ukiingia?"

"Mpira nimeuona, na duara nimeliona pia. Tafadhali tokeni, mwatuchelewesha."

Hedimasta hakutoka. Alisema kwamba katika kandanda mtu anaweza kufunga hata akiwa mlangoni kwake, na bao likahesabiwa. Alisema hajaona mchezo unaomwibia mtoto wa watu mchana kweupe. Kisha aligeuka pembeni, ambako mfyeka nyasi wake alikuwa akijaribu kujificha nyuma ya kasha la magongo.

"Josephat! Wewe ndiye unayeujua mchezo huu. Njoo useme."

Uwanja mzima ulimtazama. Josephat alitembea pole pole, akijua vizuri anachokibeba. Akisema ni bao, refa hatabadilisha kitu, lakini hedimasta ataamini, na nyanya zitaendelea kulala chini. Akisema si bao, Alhamisi zake zimekwisha, na kwa mdomo wake mwenyewe. Alisimama pale alipopigia Priscilla. Kutoka hapo hadi kwenye mstari zilikuwa hatua mbili. Kule nyumbani, mahali hapo pangekuwa ndani kabisa. Ndipo alipoelewa.

"Si bao, hedimasta," alisema. "Refa amesema kweli. Wala si kosa la Priscilla. Duara la kwetu nililipima kwa miguu. Upande wa bondeni nilikuwa ninateremka, na mtu akiteremka hatua zinakuwa ndefu. Duara lilitoka na tumbo upande huo. Yeye amepiga pale nilipomfundisha."

Bwana Alwi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni. Hedimasta hakucheka. Aliokota kofia yake, akatoka nje ya mstari. Mechi iliisha mabao matano kwa nunge.

Safari ya kurudi hedimasta hakuketi na dereva. Alipanda nyuma, akakaa juu ya kasha la magongo, na kuanzia Mwatate mpaka juu alimhoji Josephat. Kwa nini duara? Kwa nini gongo lina upande mmoja tu wa kupigia? Je, ingekuwaje kama binti angesogea hatua mbili? Josephat alijibu kwa sauti ndogo, na kila jibu lilizaa swali jingine. Walipofika getini, hedimasta alikuwa tayari amechora mpango wa kupiga kona kwa kidole kwenye vumbi la bodi ya lori, na alikuwa na maoni.

"Hatua mbili," alisema akishuka, akilishika goti lake. "Hatua mbili tu. Jumatatu upite ofisini uchukue futikamba, duara lipimwe upya. Nataka marudiano."

Josephat alimfuata akamwuliza. Halikuwa swali rahisi kwa mtu kama yeye. "Na nyanya, hedimasta?"

"Nyanya zitafutiwe miti mingine, Mwalimu."

Josephat alisema ndiyo, asante, akashika njia ya kwake. Alikuwa amefika karibu na shamba la Mama Elsie alipokumbuka alivyoitwa, na kwamba siku ile ilikuwa Jumamosi, si Alhamisi.